Simu ya Mlangoni kwa Ba

Tangu nistaafu sijajua kukaa. Mwanangu amenifungia kengele hapa nyumbani Uyole, kengele ya kawaida tu ya kubonyeza, na kila ikilia mimi ndiye wa kwanza kuinuka. Mgeni simfikirii. Nasikiliza mlio. Ukiwa mkavu narudi kukaa, ukiwa na mkwaruzo chakula hakipiti mpaka nimefungua kifuniko nikaona kuna nini. Wajukuu wananicheka. Vijana wa karakana nao mlinicheka siku ile ya kuniaga, kwa soda na keki iliyoandikwa jina langu vibaya, kisha mkaniomba niwaandikie namna ya kutunza simu za mlangoni ili zidumu.

Ninyi mnafunga zile za kamera, mwenye nyumba anaona sura ya mgeni kwenye kioo kabla hajamfungulia. Sisi tulianza na sauti peke yake. Lakini maji yanaingia kwa njia ile ile, kutu ni ile ile, na nyigu hawajabadilika hata kidogo. Kwa hiyo naandika. Habari za vyeo nitaziruka, vilikuja vimechelewa. Za mshahara pia, viatu vyangu mliviona wenyewe.

Nilifika Mbeya mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa binti mwenye cheti cha umeme na sanduku la bati. Kwetu ni Idodi, ng'ambo ya Iringa, ambako jua linakausha kila kitu. Mbeya nilikuta ukungu. Asubuhi unaanika gauni, jioni unalikuta limelowa zaidi ya ulivyolianika. Hilo lilinifundisha kazi kabla sijafundishwa na mtu.

Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, na fundi mkuu alikuwa Mzee Anyosisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua mvua wala jua. Siku ya kwanza alinitazama mikono, hakutazama cheti.

"Umewahi kupigwa na umeme, binti?"

"Hapana, Mzee."

"Basi hujaanza kazi. Shikamoo yako nimeipokea. Kaa pale."

Akanisukumia kasha la mbao lililojaa kengele na simu za mlangoni zilizokufa. Nikadhani natakiwa kuzitengeneza. Nikachukua bisibisi, akaninyang'anya.

"Nataka uniambie kila moja kimeiua nini."

Nilichukua ya kwanza. Nikamwambia koili, ule waya uliozungushwa ndani yake, imeungua.

"Hicho ndicho kilichokufa," akasema. "Nimekuuliza kilichoua."

Nilikaa na kasha lile siku nyingi kuliko nilivyopenda. Nikajifunza kwamba moja iliuawa na maji yaliyofuata waya kutoka nje, kwa sababu aliyeufunga aliuingiza ukutani moja kwa moja badala ya kuuacha ulegee chini ya tundu kwanza, maji yadondoke hapo. Nyingine nyigu walijenga udongo ndani ya kipaza sauti. Nyingine ilikuwa na manyoya ya panya. Moja sikuona kitu. Nikaizungusha, nikainusa, nikainuka, nikakaa tena. Mwishowe nikamwambia sijui.

"Hiyo iliuawa na mtu mwenye haraka," akasema Mzee. "Tazama kitufe kilivyochimbika. Alikuwa anabonyeza kama anaua mende."

Zana zake zilikuwa chache na zote alizitengeneza upya. Taa ya kupimia alitumia balbu ya baiskeli. Mswaki wa zamani na spiriti kwa kutu ya kijani kwenye shaba. Vipande vya karatasi ngumu vya kupitisha katikati ya vigusanisho vichafu, vile vipande vya shaba vinavyogusana umeme upite, maana msasa unasafisha leo na kula shaba ya kesho. Mafuta aliyaogopa. "Mafuta yanakamata vumbi," alikuwa anasema, "na vumbi likishakaa halihami." Nimeona mafundi wa leo wanapuliza mafuta ya kopo kwenye kila kitu. Mzee angelia.

Mji wenyewe haukuwa umetulia miaka ile. Malori ya kwenda Zambia yalipita usiku na mchana, reli ilikuwa inajengwa, wageni wanakuja na wenyeji wanahama. Kitu ulichokiona dukani Jumatatu, Jumatano hukioni. Kila mtu alikuwa kama anangoja kuitwa. Mimi pia. Nilikuwa nikiwa Mbeya nawaza Iringa, nikienda Iringa nawaza milango niliyoiacha Mbeya kama imefungwa sawasawa.

Mlango ulionisumbua kuliko yote ulikuwa wa Ba.

Ba ni mama kwa Kigujarati. Mwanawe Kirit, mwenye duka la vitambaa, ndivyo alivyomwita, na mtaa mzima ukafuata. Walikaa ghorofani, kwenye nyumba ambayo chini yake ilikuwa ghala la mtu mwingine. Ba alianguka kwenye ngazi miaka kadhaa nyuma akavunjika nyonga, na tangu hapo miguu haikumbeba. Lakini alikuwa mshonaji. Aliacha cherehani ya miguu akachukua ya mkono, na wanawake wa mji waliendelea kupanda kwake kupimwa magauni. Ndiyo maana Kirit alifunga simu ya mlangoni: kisanduku chini barabarani chenye kitufe na kipaza sauti, mkonga wa simu juu karibu na kiti cha mama yake, na pembeni ya mkonga kitufe kingine cha kufungulia kufuli la umeme. Mgeni anapiga, Ba anauliza nani, anabonyeza, mlango unafunguka. Mafundi waliolifunga walitoka Nairobi, wakarudi Nairobi.

Mzee alinipa mimi kuitunza kwa sababu mwenye nyumba mchana hakuwapo na juu walikuwa wanawake tu, Ba na msichana wake wa kazi, Sikitu. Nilipanda ngazi mara ya kwanza nikiwa najiandaa kuongea Kiswahili cha taratibu.

"Kamwene," akaniambia.

Nikasimama mlangoni. Sikuwa nimesikia salamu ya kwetu tangu nifike Mbeya, tena haikutoka kwa mtu niliyemtarajia.

"Kamwene, Ba," nikajibu.

"Nilijua kwa ulivyosema jina lako pale chini. Leokadia wa wapi?"

"Idodi."

"Mimi nimezaliwa Iringa, mwanangu. Baba alikuwa anauza chumvi na kaniki. Kigujarati nilikipata kwa mama, Kihehe kwa wateja. Kiswahili ndicho nilichojifunza mwisho, na bado wananiambia nakikosea."

Alikuwa mwembamba, na chaki ya kushonea imemganda kwenye vidole. Macho yake hayakukaa mahali pamoja. Akiongea na wewe, anatazama dirisha. Ukinyamaza, anatazama mkonga. Nadhani ndiyo maana tulipatana.

Kila mwezi nilikwenda. Nafungua kisanduku cha chini, napangusa, natazama kama nyigu wameanza kujenga. Nakaza skrubu za nyaya, kwa kipimo, maana ukikaza sana shaba inakatika ndani na huioni. Nagusa transfoma kwa nyuma ya kiganja: vuguvugu ni sawa, moto ni shida. Kisha napanda juu, Ba anajaribu nami nikiwa naye, Sikitu akiwa chini. Kazi ya nusu saa. Nilikuwa nakaa zaidi, kwa sababu ya chai na kwa sababu ya maneno.

Ndipo nikajua habari zao. Mke wa Kirit na watoto walikuwa wameshahamia Uingereza kwa ndugu. Kirit alibaki kwa ajili ya mama yake, na mama yake hakutaka kuondoka.

"Ameniambia mlango huu ukinishinda, basi," Ba alisema siku moja huku akikata kitambaa. "Anasema mtu asiyeweza kufungua mlango wake hawezi kukaa peke yake. Tutaondoka wote wawili."

"Anakuogopea, Ba."

"Najua. Mimi pia najiogopea. Lakini huko nitafanya nini? Nani atapanda ngazi kuja kupimwa gauni na mimi?"

Nikaendelea na karatasi yangu kwenye vigusanisho vya mkonga. Tangu siku ile, kila nikiipita barabara yao nilitazama mlango ule kabla sijatazama magari.

Mwaka mmoja, masika yakiwa makali, nilipelekwa kazi Tukuyu kwenye nyumba za shamba la chai, nikakaa huko zaidi ya nilivyoambiwa. Niliporudi Mbeya sikupitia hata chumbani kwangu. Nilikwenda kwa Ba na sanduku langu la zana, nikabonyeza.

"Nani?" Sauti ilikuwa safi.

"Leokadia, Ba."

Nikangoja mlio wa kufuli. Haukuja.

"Leoka," sauti ikasema, "tazama juu."

Nikatazama. Dirishani kilining'inia kikapu kidogo cha ukindu, kinashuka kwa kamba ya katani, kinazunguka polepole katika manyunyu. Ndani yake mlikuwa na ufunguo.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Sikitu alikuwa bado ameshika kamba, hajui aifiche au aiache.

"Tangu lini, Ba?"

"Mvua zilipoanza. Kengele inalia, kuongea tunaongea, mlango ndio haufunguki."

"Na mnampa ufunguo kila anayepita barabarani?"

"Ninaowajua tu. Naulizia jina kwanza." Akainamisha kichwa. "Kirit ana ufunguo wake, anaingia mwenyewe. Hajui. Amekwenda Dar es Salaam kwa mambo ya karatasi za safari, Jumamosi atarudi. Mwanangu, naomba asikute hivi."

Nilifungua kufuli. Harufu iliyonipokea sijawahi kuisahau: koili iliyoungua, na juu yake samli. Sikitu, msichana wa watu, aliona mlango mgumu akapaka kilichokuwa karibu. Koili ilikuwa nyeusi kama mkaa. Samli haikuwa na kosa, ilikuja baada ya msiba, lakini ilinichukua muda kuisafisha na siku kadhaa nilinukia kama jiko la sherehe.

Nilimpelekea Mzee Anyosisye lile kufuli. Nikamweleza yote, na ombi la Ba.

"Kirit ndiye mteja wetu," akasema.

"Najua, Mzee."

"Akiniuliza, nitamwambia lilikufa. Uongo siuwezi." Akaligeuza kufuli mkononi. "Lakini hajaniuliza. Na akiuliza Jumamosi, ningependa nimwambie lilikufa na limepona."

Alijaribu kuifunga koili upya kwa waya aliouvua kwenye transfoma ya redio. Aliufunga taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, ulimi umetoka nje kidogo kama mtoto anayeandika. Tulipoiwasha ilivuma, ulimi wa kufuli ukatikisika, haukuvutika. Waya haukuwa wenyewe. Tukazunguka maduka yote ya Mbeya. Yalikuwa na rafu na wauzaji, basi.

"Iringa kuna hoteli moja," Mzee akasema mwishowe. "Wale wale wa Nairobi walifunga kufuli kama hili kwenye mlango wa ngazi za nyuma. Nasikia ngazi zile hazitumiki tena. Msimamizi anaitwa Fidelis. Mwambie umetumwa na mimi, halafu usimwambie una haraka."

Nilipanda basi la Alhamisi. Njia nzima nilikuwa kama nimekalia kaa la moto. Pale Makambako dereva alishuka kunywa chai na mimi nilisimama mlangoni pa basi kana kwamba kusimama kwangu kungemwita. Tulipofika Iringa jua lilikuwa limeshazama, nikalala kwa shangazi, kama kule kulikuwa kulala.

Bwana Fidelis alikuwa mtu mnene, mpole, asiye na haraka ya kitu chochote duniani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanionyesha kufuli, pacha kabisa wa lile la Ba, limekaa kwenye mlango wa ngazi zenye viti vilivyovunjika.

"Hili mimi silihitaji," akasema. "Ninachohitaji ni kengele ya jikoni. Mgeni akibonyeza chumbani, mpishi hasikii. Wageni wanashuka wenyewe kuja kudai chai, wamekasirika."

"Nikikutengenezea?"

"Utalifungua hilo ulichukue, dada yangu, na chai utakunywa."

Niliingia darini asubuhi ya Ijumaa. Panya walikuwa wamekula mpira wa nyaya kuanzia chumba cha kwanza hadi jikoni. Ningeweza kuunganisha mahali palipokatika, kengele ingelia, nami ningeondoka. Lakini sehemu iliyobaki ilikuwa imetafunwa nusu, na ingekufa baada ya wiki. Nikalala kifudifudi kwenye vumbi nikabadilisha kipande kizima, nikapitisha waya mpya ndani ya bomba kuukuu la maji nililolikuta humo humo, panya watafune bomba mpaka wachoke. Kutoka stendi nilisikia honi za mabasi. Nilijiambia mojawapo ni langu linaondoka, na kweli mojawapo lilikuwa langu.

Kengele ilipolia jikoni, mpishi alidondosha mwiko. Fidelis akacheka mpaka akashika ukuta. Nilifungua kufuli lile nikalifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga, chai nikaikimbia.

Nilipata lori la mahindi hadi Makambako, na Jumamosi alfajiri lori lingine lililokuwa linakwenda Tunduma. Dereva wa pili aliniuliza nimebeba nini kwa uangalifu namna ile.

"Kufuli," nikamwambia.

Akanitazama, akatazama barabara. Hakuniuliza tena kitu hadi Uyole, mlangoni mwa Mbeya.

Nilifika kwa Ba asubuhi nikiwa na vumbi la dari la Iringa bado kwenye nywele. Mzee Anyosisye alikuwa ameshafika, amekaa kwenye ngazi ya kwanza na koti lake, hataki kupanda bila mimi. Nikafunga kufuli. Nikaunganisha. Nikampigia Ba kelele abonyeze.

Tak. Mlango ukafunguka.

Juu Sikitu alipiga vigelegele. Mimi nilianza kukusanya bisibisi zangu. Mzee hakusogea.

"Kilichokufa umekibadilisha," akasema. "Kilichoua kiko wapi?"

Nilitaka kumwambia aniache, nimechoka. Nikajua yuko sawa, na hilo likanikasirisha zaidi. Koili ile imetengenezwa kupata umeme kwa muda mfupi tu, kidole kikiwa kwenye kitufe. Haiungui mpaka ipate umeme muda mrefu. Kwa hiyo kuna mahali umeme haukuwa unakatika. Nikapanda juu, Mzee akabaki ngazini, nikafungua kitufe cha Ba, kile cha pembeni ya mkonga. Ndani mlikuwa mmejaa utando mweupe mzito: chaki ya kushonea, imechanganyika na mafuta ya cherehani kutoka vidoleni mwake. Kitufe kilikuwa kikibonyezwa kinarudi nusu tu. Mlango unafunguka, mgeni anapanda, anapimwa gauni, anakunywa chai, na chini koili inaungua taratibu muda wote huo.

Kufuli jipya lingekufa kabla ya mwezi kwisha. Nilikaa sakafuni. Ba akaniuliza kuna nini. Nikamwonyesha.

"Mikono yangu yenyewe," akasema, akaitazama kidole kimoja kimoja.

Nilikisafisha kwa spiriti, nikanyoosha springi, na juu yake nikafunga kipande cha mpira laini cha tyubu ya baiskeli ili chaki isiingie tena. Vijana, likumbukeni hilo hata kwenye kamera zenu. Kitufe kinachoshikwa na watu ndicho kinachoanza kuharibika, nacho ndicho fundi anachokisahau, kwa sababu kinaonekana kizima.

Nilikuwa nafunga skrubu ya mwisho kengele ilipolia. Ba akachukua mkonga. Simu zile sauti ilitoka kubwa, uliye karibu unasikia kila neno.

"Nani?"

Sauti ya Kirit ikajibu kwa Kigujarati. Ba akamkatiza.

"Sema Kiswahili. Leoka yuko hapa. Nataka kuwe na mtu anayesikia."

"Ni mimi, Ba."

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Ninao mkononi." Lori lilipita barabarani, likameza maneno, kisha akarudi. "Ba, kikapu nimekiona. Nimekiona zamani, nikitokea dukani. Nilikuwa nasimama kwa fundi saa pale ng'ambo nakitazama kinashuka na kupanda. Nilingoja uniambie."

Sikitu alijifunika uso. Mimi nilibaki na bisibisi hewani. Nilitaka kutoka, lakini kutoka ni kupita mlango ule ule aliosimama.

"Ningekuambia ungenifunga kwenye sanduku pamoja na sahani," Ba akasema.

"Karatasi zimetoka."

"Za wangapi?"

"Za wawili."

"Rudisha moja."

"Ba."

"Watoto wako huko wangapi?"

"Unawajua."

"Sema."

"Wawili," Kirit akasema. "Na mama yao." Sauti ilikuwa imeshuka, nusura nikilaumu kipaza sauti.

"Na hapa ni mmoja. Wewe ni mfanyabiashara, hesabu mwenyewe." Ba alikuwa ameushika mkonga kwa mikono miwili. "Kirit, sikukatai wewe. Nakataa safari. Kwa nini unaniambia mambo haya ukiwa barabarani?"

"Kwa sababu nikipanda juu nikikuona, siwezi kuyasema."

Ba akanyoosha kidole akabonyeza. Tulisikia kufuli likiitika chini, safi, na ngazi zikaanza kulia kwa hatua za Kirit. Mimi na Sikitu tukaenda jikoni. Yaliyosemwa baada ya hapo yalisemwa kwa Kigujarati, na sikuyasikiliza, ingawa nilisikia wakilia wote wawili na baadaye nikasikia mmoja wao anacheka.

Tulipotoka mimi na Mzee Anyosisye nilimwuliza kama tumefanya vizuri. Kama mlango ungebaki umekufa, mama na mwana wangeondoka pamoja.

"Sisi kazi yetu mlango," akasema. "Nani apite ni shauri lao."

Alisema hivyo, lakini alipoondoka aliliacha koti lake kwenye ngazi za Ba, na mtu yule hakuwahi kusahau koti. Mimi swali lile halikuniacha. Nilikwenda kwa Ba kila wiki badala ya kila mwezi, nikisingizia ukungu.

Kirit aliuza duka. Alipanga na majirani, na daktari, na Sikitu alihamisha mkeka wake chumbani kwa Ba. Siku ya kuondoka Kirit alikuja kuniita karakana mwenyewe. "Fundi, njoo ukae naye nikiwa natoka. Tafadhali."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Kirit alimwinamia mama yake akagusa miguu yake, ile isiyombeba tena, kuomba baraka kwa desturi yao. Ba akamwekea mkono kichwani, ukakaa hapo. Kisha Kirit alishuka ngazi haraka, na tukasikia mlango ukifungwa nyuma yake.

Ba alitazama dirisha, akatazama mkonga. Kengele ikalia.

Aliuchukua. Hakuuliza nani.

"Ba," ikasema sauti, "naenda sasa."

Kidole cha Ba kikaenda chenyewe kwenye kitufe, kwa mazoea ya miaka yote ile, kikabonyeza. Chini kufuli likaitika. Mlango ukafunguka mbele ya Kirit, sote tulisikia, na kwa muda sauti za barabara zilipanda ngazi hadi kwetu, baiskeli, mtu anauza karanga. Hakuna hatua iliyosikika. Ba alikuwa bado amebonyeza.

"Achia, Ba," nikamwambia taratibu. "Koili itaungua."

Akaachia. Baadaye kidogo tukasikia mlango ukivutwa polepole kutoka nje, na ulimi wa kufuli ukiingia mahali pake.

Nilipokuwa nafunga sanduku la zana Ba alisema, bila kunitazama, "Kesho uje ukitazame kile kitufe, mwanangu. Nadhani nimekibonyeza vibaya."

Nilikwenda asubuhi. Mteja mmoja alikuwa ameshapanda, anapimwa kiuno, na Ba ana pini mdomoni. Nilifungua kitufe. Mpira ulikuwa umekaa, springi inarudi, ndani ni pakavu na pasafi kama nilivyopaacha.

"Kina nini?" Ba akauliza.

"Kina chaki kidogo."

"Itabidi uje tena wiki ijayo?"

"Itabidi, Ba," nikasema, nikachukua spiriti na mswaki, nikaanza kukisafisha.